Dereva Asiyeamkia Ndani ya Gari

Fundi Rajabu alikerwa na salamu kabla hajakerwa na gari. Lile gari jeusi la Kijerumani liliingia karakanani Lushoto saa tano asubuhi, ukungu umelala juu ya mabati, na mzee wa watu akasogea dirishani akauliza, "Habari za Shume, kijana?" Dereva, Sefania, akamtazama tu. Akazima injini, akashuka, akafunga mlango, ndipo akainamisha kichwa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu Rajabu shingo upande. Milimani huku, kijana wa miaka thelathini amkazie macho mwenye mvi namna ile? Huyu ana lake jambo, akajisemea.

Na habari zake zilikuwa zimemtangulia. Gari lilikuwa la mzungu aliyeondoka mashamba yalipotaifishwa. Likakaa miaka mitatu bandani msituni, kisha shirika la mbao la Shume likalichukua. Sasa loki za milango zilikuwa na wazimu, zinajifunga zenyewe na kukataa kufunguka. Wiki iliyopita Ndugu Meneja wa shirika alifungiwa ndani kwa muda wa saa mbili, akatoka jasho linamtiririka na baridi yote ile ya Shume. Tangu hapo neno lake lilikuwa moja tu: hujuma. Alimpigia Rajabu simu mwenyewe. "Chunguza, uniandikie karatasi. Ukiandika kwamba dereva amelichezea, polisi wanamchukua leo leo."

Sefania alikuwa na mke na mtoto mchanga kule Gare. Rajabu alilijua hilo. Lakini kijana anayeshindwa kuamkia wakubwa, atashindwa kuharibu mali ya umma?

Akaanza kazi. Loki zile zilivutwa kwa upepo. Mipira myembamba ilitoka kwenye injini, ikapita chini ya zulia hadi ndani ya kila mlango, na dereva akifunga wake, mingine mitatu inafuata. Mpira ukitoboka, loki zinalegea. Rajabu akavua mbao za milango, akaziba kila mpira kwa kidole upande mmoja na kupuliza upande wa pili. Yote mizima! Hakuna palipokatwa, hakuna palipounganishwa kwa siri. Badala ya kutulia, akazidi kushuku. Kumbe kijana ni mjanja kuliko alivyodhani.

"Mzee," Sefania akanong'ona kutoka mlangoni, hataki hata kusogea. "Ukiwa ndani humo, usiseme neno. Tafadhali."

"Unanifundisha kazi?"

"La, mzee. Nakuomba tu."

Aha! Rajabu akaona amemnasa. Akachukua kalamu, akaandika pale pale juu ya boneti, "Dereva anahusika," akaikunja karatasi na kuitia mfukoni. Kisha, ili asibaki na shaka, akang'oa mipira yote kwenye injini pamoja na kikopo cha kuhifadhia upepo, akavipanga mezani. Bila hivyo hakuna loki inayoweza kwenda juu wala chini.

"Simama pale nje, mikono kichwani, nikuone."

Sefania akatii. Rajabu akaketi kwenye kiti cha dereva, akavuta mlango.

Ilianza harufu, ubani uliochanganyika na udongo mbichi. Halafu kijiti cha loki cha mlango wa nyuma kikashuka, tak, kikafuata cha pili, tak, kikafuata cha tatu, na kile cha nne kilichokuwa karibu na kiwiko chake kikashuka polepole mno, kama kinachobonyezwa na kidole, huku yeye akikivuta juu kwa nguvu zake zote na kukiona kinazidi kwenda chini, na huko nje kwenye ukungu Sefania bado amesimama mikono kichwani, anatikisa kichwa, hapana, hapana, midomo inamcheza. Kisha nyuma ya mgongo wa Rajabu, humo humo ndani ya gari, pakagongwa, ko ko ko, kwa adabu kabisa, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Pakatulia. Pakagongwa tena. Pakatulia. Na pakagongwa mara ya tatu, na mzee yule, aliyelelewa tangu utoto asimwache mtu mlangoni apige hodi tatu bila kujibiwa, mdomo ukamponyoka.

"Karibu."

Loki zote nne zikaruka juu kwa pamoja. Springi za kiti cha nyuma zikalia, kama mtu anayeinuka. Mlango wa nyuma ukafunguka, ukafungwa taratibu.

Sefania akaja mbio, machozi yanamtoka. "Mzee, umemkaribisha! Miezi minne ananibishia hodi, sijamwitikia hata mara moja, wala salamu ya mtu siitikii humo ndani, asije akadhani namjibu yeye. Tulilifungua gari kule bandani bila kubisha, kumbe lilikuwa na mwenyewe. Alikuwa anatafuta mwenyeji tu."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Ndugu Meneja? Angeniita mshirikina juu ya kuniita mhujumu!"

Rajabu akamwonea haya. Akaichana ile karatasi vipande vipande, akaandika nyingine: "Mipira ilishika unyevu. Dereva hana kosa." Akarudisha kila kitu mahali pake. Loki zikafanya kazi vizuri kabisa. Sefania alipokuwa anaondoka, akashusha kioo, injini inanguruma, akapaza sauti kutoka ndani ya gari kwa mara ya kwanza. "Shikamoo, mzee! Asante sana!"

"Marahaba, mwanangu!" Alifurahi, kwa kweli. Kijana atalala kwake Gare.

Alasiri akapanda kilima kwenda nyumbani. Njiani alisikia ubani mara moja, akajiambia unatoka msikitini. Alipofika mlangoni akabisha, kama siku zote. "Hodi!"

"Karibu," ikajibu sauti ya mwanamume, ya upole.

"Unampigia nani hodi, Baba Tatu?" Mkewe, Mwanahawa, alikuwa nyuma yake, anapanda kutoka shambani na tenga la kabichi kichwani. Akafungua pindo la khanga. "Ndani hamna mtu. Ufunguo ninao mimi."

Kitasa kikazunguka taratibu, kutoka ndani.