Jiwe la Nyuma ya Tairi

Jua lilikuwa limeegemea misitu ya misonobari ya Mafinga pale Sosthenes alipopunguza mwendo, akanusa hewa kama mtu aliyesahau chungu jikoni.

"Mama Happy, unasikia harufu?"

Tekla alikuwa ameisikia tangu Makambako. Kitu kinaungua. Lakini chini ya harufu ile ya moto kulikuwa na nyingine, laini, ya mafuta ya mgando yenye waridi. Yeye hapaki mafuta ya waridi. Hiyo hakuisema.

Ilikuwa siku ya tano ya ndoa yao. Walitoka Soweto, Mbeya, saa sita mchana, kiti cha nyuma kimejaa godoro, masufuria na cherehani, wakielekea nyumbani kwa Sosthenes, Mlandege, Iringa. Yeye mgane, Tekla mjane. Mume wa kwanza wa Tekla, Liberatus, alifukiwa na shimo la dhahabu kule Chunya. Hawakuweza kumtoa. Mchungaji alisali ukingoni mwa shimo, watu wakatawanyika. Tekla hakuwa na kaburi la kupalilia.

Blandina, mke wa kwanza wa Sosthenes, alikuwa nalo. Tena alikuwa na gari. Vitambaa vya kufuma vilivyofunika viti vilikuwa kazi ya mikono yake. Na alikuwa na jiwe.

Gari lilikuwa la zamani, handbreki yake si ya kuaminiwa. Kila waliposimama penye mteremko, Sosthenes alikanyaga breki akasema, "Mama Happy, jiwe." Tekla alishuka, akafungua buti, akalitoa jiwe lenye ukubwa wa mkate, akalisukuma nyuma ya tairi. Mara ya kwanza ulimi ulimteleza mumewe. Alisema, "Mama Ombeni, jiwe," jina la marehemu. Aliomba radhi papo hapo, na Tekla akasamehe kwa mdomo.

Wivu kwa aliye hai una dawa. Utamsema, atakujibu, mtafikishana kwa balozi wa nyumba kumi. Marehemu utampeleka wapi?

Waliona kibanda cha fundi kando ya barabara, wakaingia. Tekla aliweka jiwe. Tairi za nyuma zilikuwa zinafuka moshi mwembamba.

"Kamwene," fundi alisalimu. Jina lake Kalinga, mtu mzima mwenye kofia ya sufu. Aligusa rimu kwa kidole kilicholoweshwa mate. Kikalia *tss*. "Lo! Hapa mngechoma mahindi. Shikamoo gari. Maana hili limenizidi umri."

Sosthenes akacheka. Tekla hakucheka.

Kalinga alitanguliza mbao nyuma ya tairi za mbele, kisha akainua nyuma kwa jeki. Akashika tairi kwa mikono miwili, akazungusha. Haikwenda. Akaingia chini, akalegeza waya wa handbreki.

"Zungusha, mzee."

Haikwenda.

"Basi si waya. Tujaribu mafuta." Alifungua skrubu ndogo ya kutolea hewa. Kama mafuta ya breki yangekuwa yamenasa kwenye bomba, alieleza, yangeruka na tairi ingelegea. Yalitoka matone mawili. Tairi haikwenda.

"Si waya, si mafuta. Basi ugonjwa uko ndani." Akasikiliza kidogo, sikio karibu na chuma. "Likiwa na mzee peke yake linashika?"

"Hapana," Sosthenes alijibu taratibu. "Nilikwenda Mbeya nalo vizuri tu. Limeanza tunarudi."

"Limeanza na mama, basi," fundi akatania. "Gari lina wivu hili."

Alifungua tairi, akagonga ngoma ya breki kwa nyundo mpaka ikatoka. Wote watatu wakainama. Springi nzima. Pistoni ndogo zinasogea, hazina kutu. Lakini kati ya kiatu cha breki na ngoma, mahali panapotakiwa kuwa pakavu kama majivu, kulikuwa na udongo mwekundu.

Mbichi.

Kalinga aliuchukua kwa ncha ya bisibisi. Ulikuwa na punje nyeupe ndani yake. "Mvua haijanyesha huku wiki tatu," akasema, kama anayejiambia mwenyewe.

Upande wa pili ulikuwa hivyo hivyo.

Alisafisha, akapiga msasa viatu, akapaka grisi kidogo pale vinaposugulia bati, akafunga. Tairi ikazunguka kama gurudumu la mtoto. Akashusha jeki. "Baridi ya kwetu ikiingia, msilaze gari na handbreki. Viatu vinagandia ngoma. Wekeni jiwe."

"Jiwe tunalo," Sosthenes akasema.

Fundi aliinama kulisogeza. Mkono wake ukasimama hewani. Aliligeuza kwa bisibisi. Upande wa chini, chini ya vumbi la safari, lilikuwa na chokaa.

"Mama," alimnong'oneza Tekla, Sosthenes alipokwenda kunawa mikono. "Hili jiwe mmelitoa wapi?"

"La marehemu mke wake."

Kalinga alifuta bisibisi kwenye suruali, mara mbili, mara tatu. "Mimi sitalishika. Na wewe… usilizoee."

Tekla alilishika. Hakufanya hivyo kwa ujasiri. Alikuwa na hasira. Alilibeba hadi nyuma ya kibanda, penye vyuma chakavu, akalitupa. Likagonga chuma, likatulia. Alirudi garini akifuta viganja, moyo mwepesi, akaimba pambio kimoyomoyo. *Basi, dada. Tumeachana hapo.*

Gari lilikwenda vizuri. Walipita mashamba ya mahindi yaliyovunwa, vijiji vyenye moshi wa jioni, jua likizama nyuma yao. Kisha, karibu na Ifunda, penye njia ya vumbi inayopanda kijijini kwa kina Sosthenes, ile harufu ya waridi ikajaa garini.

Tairi za nyuma zikalia.

Gari likaburuza, likakita. Upepo wa baridi ulipita kwenye mikaratusi.

"Mteremko huu," Sosthenes alinong'ona, mguu wake ukiwa juu ya breki. "Mama Happy… jiwe."

Tekla alishuka akijua atakachosema: limesahaulika kwa fundi. Akafungua buti.

Lilikuwepo.

Lilikuwa limelazwa juu ya kitambaa cha kufuma, upande wa chokaa juu. Kitambaa kile dakika chache zilizopita kilikuwa kwenye kiti chake mwenyewe.

Labda fundi alilirudisha. Tekla aliishikilia fikra hiyo kama mtu anayeshikilia kamba. Lakini fundi alisema hatalishika.

"Baba Ombeni," aliita, na sauti yake ikamtoka nyembamba. "Hili jiwe ulilitoa wapi?"

Sosthenes alikuwa mtu wa kusema polepole, na sasa alisema polepole zaidi. Siku ya mazishi mvua ilinyesha. Gari ndilo lililobeba jeneza, na pale makaburini ni kilima. Handbreki ilikataa. Vijana walikuwa wamerundika mawe ya kupanga juu ya kaburi, yameshapakwa chokaa. Akachukua moja, akaweka nyuma ya tairi. Mazishi yalipokwisha, alilitupa kwenye buti bila kufikiri. "Mtu siku ile hana akili. Nilipoliona baadaye, sikuweza kulirudisha. Nilikuwa naona… kama bado ananiwekea yeye."

"Miaka miwili, kaburi lake limepungua jiwe?"

"Miaka miwili."

Walitega godoro lililokunjwa na cherehani nyuma ya tairi, wakapanda kwa miguu kwenda makaburini. Haikuwa mbali. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo tu, wa rangi ya jivu. Tekla alilibeba jiwe mwenyewe, na njia nzima lilikuwa na joto, kama kitu kilichotolewa kifuani.

Kaburi lilikuwa safi. Mawe meupe yalilizunguka pande zote, isipokuwa miguuni, palipokuwa na pengo kama jino lililong'oka. Udongo wa pale ulikuwa mwekundu. Na mbichi.

Tekla alipiga magoti, akaliweka. Liliingia barabara. Alishusha pumzi. Hapo ndipo macho yake yalipohamia kando.

Ubavuni mwa Blandina kulikuwa na kipande cha ardhi, kirefu kama mtu, nacho kimezungushiwa mawe meupe.

"Hapo pa nani?"

"Pangu," Sosthenes akasema kwa upole. "Nilimwahidi."

Basi Tekla hakumwuliza, *na mimi?* Aliuona mpango wote. Yeye atampikia, atamfulia, atamkanda magoti uzeeni. Kisha siku moja watu watamchukua, watamlaza hapa na mwenye mafuta ya waridi, milele na milele. Mume wa kwanza wa Tekla alichukuliwa na shimo, na wa pili ameshachukuliwa.

"Tuombe," Sosthenes akasema, akavua kofia, akafumba macho. "Baba yetu uliye mbinguni…"

Tekla hakufumba. Waliposema "mapenzi yako yatimizwe", mkono wake ulinyooka kwenye safu ya mawe ya mume wake, ukang'oa moja, ukaliingiza chini ya kitenge. Lilikuwa baridi kama barafu.

Walirudi. Tairi zilikuwa zimeachia zenyewe. Waliingia Mlandege bila harufu, bila mlio. Alipoambiwa, "Mama Happy, jiwe," aliweka lile jipya. Sosthenes gizani hakuona tofauti.

Tangu hapo gari halikushika tena likiwa na Tekla. Lakini Sosthenes alipokwenda peke yake kupalilia kaburi, tairi zilikita pale pale kwenye njia ya vumbi, asiweze kupanda. Akarudi. Wiki iliyofuata, vile vile. Fundi wa Mlandege alifungua ngoma zote mbili: kavu, safi, hakuna kitu. Sosthenes alikuwa amechoka na mwenye huzuni. Tekla alimpakulia ugali, akageuka jikoni asionekane uso.

Alifurahi. Mungu amrehemu, alifurahi.

Asubuhi moja ya baridi, kabla ya kengele ya kanisa, Sosthenes aliita kutoka kitandani.

"Mama Happy… miguu. Imeshika. Nainua, haiji."

Alimkanda kwa maji ya moto. Miguu ilikuwa migumu, baridi, kama si yake. Ndipo Tekla akakumbuka. Alitoka mbio hadi kwenye gari, akainama nyuma ya tairi.

Hapakuwa na jiwe. Palikuwa na alama yake tu kwenye vumbi, na gari limesimama lenyewe kwenye mteremko, halisogei.

Alirudi ndani polepole, akijua. Alichungulia chini ya kitanda. Jiwe lilikuwa limeegemezwa kwenye mguu wa kitanda, upande wa mumewe, miguuni. Limeloa umande. Na chumba kizima hakikuwa na harufu ya waridi hata kidogo. Kilinuka sabuni ya mche na moshi wa mkaa. Kilinuka Tekla mwenyewe.

Alilichukua, akalipakata kama mtoto. Alijua la kufanya: alirudishe mahali pake, na miguu ya mumewe itaachia, na njia ya kwenda kwa Blandina nayo itafunguka.

"Ni nini hicho, mama?" Sosthenes aliuliza.

"Si kitu, baba. Jumapili nitakwenda kijijini mara moja. Utapona."

Hiyo Jumapili alisali sana, akalia mbele za Bwana, lakini hakwenda. Hakwenda na iliyofuata. Leo ni Jumapili ya nne. Sosthenes sasa baridi ile imemshika mpaka kiunoni, na jiwe bado liko mapajani mwa Tekla.