Jina la Thelathini na Tisa

Nilifika hospitalini saa kumi na moja jioni, matope hadi magotini. Bodaboda iliyonitoa Same mjini ilishindwa na kona mbili za mwisho, tukaisukuma mimi na dereva huku mvua ikitupiga mgongoni. Ni hospitali ya misheni, juu kabisa milimani, kule ambako ukungu hushuka kabla jua halijazama. Jina lake sitalitaja. Watu wake bado wapo.

Naitwa Jenifer, ni fundi wa kompyuta. Kazi iliyonipeleka haikuwa kubwa. Walikuwa na seva ya zamani ya barua pepe, yenye majina yake na paswedi zake. Sasa ofisi kuu ilikuwa imewaletea orodha mpya ya watumishi kwenye mtandao, ili kila mtu awe na jina moja na paswedi moja kwa shughuli zote. Nilitakiwa kuiunganisha ile seva kuukuu na orodha hiyo mpya, iachane na majina ya zamani, isome haya.

Katibu wa hospitali, mzee Eliufoo, alinipokea barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole na njia." Akaninyooshea kidole. "Watumishi wangu ni thelathini na wanane. Ukimaliza, hesabu. Wasipungue, wasizidi."

Nikaitikia, ingawa sijawahi kuona fundi anayeagizwa kuhesabu watu.

Seva ilikuwa kwenye chumba kidogo nyuma ya masjala. Priska, mtunza kumbukumbu, mama wa miaka arobaini hivi, alinifungulia, akaniwekea bakuli la makande, akarudi kwenye meza yake chumba cha pili. Mlango wa katikati aliuacha wazi.

Nikaunganisha. Seva ikanguruma, ikaanza kusoma majina. Lilipokwisha la mwisho, ikaandika jumla.

39.

Nikahesabu upya. Thelathini na tisa. Nikaishika karatasi aliyonipa Katibu, nikapitia jina kwa jina hadi nikalipata la ziada. Beatha. Muuguzi, wodi ya wazazi. Mara ya mwisho kuingia: leo, saa kumi na mbili na dakika nne.

Nikatazama saa yangu.

Saa kumi na mbili na dakika tano.

"Dada Priska, Beatha yuko zamu leo?"

Nikasikia kiti chake kikiburuzwa. Alikuja hadi mlangoni, macho kwenye skrini.

"Nani kakutajia hilo jina?" alinong'ona.

"Lipo hapa. Ameingia sasa hivi."

"Jenifer... Beatha tulimzika mwaka juzi."

Ndipo nilipoisikia harufu. Spiriti ya wodini, na chini yake harufu ya sweta la sufu lililolowa mvua. Priska naye aliisikia. Nilimwona akifunika pua kwa kiganja.

Akanisimulia haraka haraka, kwa sauti ya chini. Usiku mmoja aliletwa mama mjamzito kutoka tambarare, Naisenya, mke wa mfugaji mmoja anayeitwa Tajeu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, ikabidi ashushwe Same akapasuliwe. Gari la wagonjwa halikuwepo. Katibu alikuwa amelitoa kwenda kubeba viti na maturubai ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake anayeolewa. Beatha alimpigia mara sita. Hakupokea. Alfajiri mama na mtoto walikuwa wamekwisha kufa.

Asubuhi Beatha akaandika barua pepe kwenda ofisi kuu. Kabla haijatoka, Katibu akaamuru akaunti yake ifungwe. Kufika jioni, hospitali nzima ilikuwa inasema Beatha ni mchawi, kamla yule mama na mtoto tumboni.

"Wakamkimbiza kwa mawe hadi msituni," Priska alisema. "Mvua ilinyesha usiku kucha. Tulimkuta siku ya pili, amekufa kwa baridi. Siku ya mazishi mama yake alikuja getini na chungu kipya cha kulaania. Akaongea nacho, akitaja majina. Halafu akakivunja."

"Majina ya nani?"

Alivuta khanga yake mabegani.

Seva ikalia mara moja. Skrini ikaandika: ujumbe mmoja unasubiri kutumwa.

Nilielewa kilichotokea, kwa upande wa mashine. Akaunti ilipofungwa, seva iliikalia ile barua. Haikuituma, haikuifuta. Sasa ilikuwa inasoma orodha mpya, na kwenye orodha mpya Beatha alikuwa mtumishi kama wengine. Haikuwa na sababu ya kumzuia tena.

Nikaifungua barua. Ilikuwa fupi.

"Mama Naisenya amefia mikononi mwangu, na mtoto wake. Gari la wagonjwa lilibeba viti vya sherehe ya Katibu. Naomba mje mnisikilize."

"Wangapi?"

Tuligeuka. Mzee Eliufoo alikuwa amesimama mlangoni.

"Thelathini na tisa, mzee."

Hakuuliza wa thelathini na tisa ni nani. "Futa," alisema.

Nikafuta. Thelathini na nane. Nikashusha pumzi.

Thelathini na tisa.

"Futa!"

"Nafuta, mzee. Linarudi."

Kisha sote tukasikia. Chumba cha pili, kwenye meza ya Priska, mtu alikuwa anachapa kwenye kompyuta. Taratibu, kwa kidole kimoja.

Ta... ta... ta.

Priska alikuwa amesimama pembeni yangu, amenikamata mkono.

Nilichungulia. Kiti kilikuwa kitupu. Kimelowa chapachapa.

Barua ikaondoka. Naapa sikugusa kitu. Niliona tu neno "imetumwa", na papo hapo simu ya Katibu ikalia mfukoni. Aliitoa. Nilikuwa karibu, nikasoma. Ujumbe ulitoka kwa Beatha.

"Gari liko wapi?"

Ikalia tena. Maneno yale yale. Ikalia mara sita.

Nje, kwenye banda la magari, king'ora cha gari la wagonjwa kikaanza kulia.

Mzee Eliufoo alitoka. Hakukimbia. Alitembea kama mtu anayevutwa mkono. "Mzee, usiende!" Priska alipiga kelele. Hakugeuka. Ukungu ukammeza. Tulipopata ujasiri wa kumfuata, king'ora kilikuwa kimenyamaza na milango ya gari imefungwa. Dereva, Anderson, alikuja mbio kutoka nyumbani kwake, funguo mkononi. Hazikuwa zimetoka kwake siku nzima.

Katibu alikuwa nyuma, kwenye machela, amejikunja. Nguo zake zilikuwa zinachuruzika maji. Mvua ilikuwa imekata zamani, na banda lina bati.

Yu hai hadi leo. Anakaa nyumbani kwake, mablanketi matatu mwilini hata kwenye jua la mchana, na hapati joto. Akisikia injini barabarani analia, anaomba asiachwe. Nitasema kweli: sikumhurumia.

Asubuhi yake, Priska aliniambia jambo. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuchapa ile orodha mpya.

"Jina niliandika mimi," alisema. "Mkono ulikataa kumwacha nje. Lakini paswedi sikumwekea, Jenifer. Bila paswedi anaingiaje?"

Hawezi kuingia. Ndivyo nilivyomjibu, na ndivyo ilivyo.

Ofisi kuu walikuja. Walimwita Tajeu kutoka tambarare, wakamsomea barua, naye akasikiliza hadi mwisho bila kukaa. Nilidhani yameishia hapo.

Juma lililopita ofisi kuu walinipigia. Wamepokea barua ya pili kutoka kwa Beatha. Haina salamu. Ni majina kumi na moja tu, ya watu waliomfukuza kwenda msituni. La kwanza ni Eliufoo. La pili ni mlinzi wa geti, na huyo aliokotwa Jumapili kwenye stoo kavu ya mahindi, amelowa, anatetemeka.

La tatu ni Priska.

Nilimpigia mwenyewe. Nilimsomea.

"Sikurusha jiwe," alisema. "Nakuapia. Nilishika tochi tu, mdogo wangu... waone pa kurushia."

Nikabaki na simu sikioni, na upande wa pili nikasikia meno yake yakianza kugongana.