Glavu Jozi Ishirini na Mbili

Kila asubuhi kabla ya shule mimi hufagia karakana ya baba, ambaye ni fundi baiskeli. Huokota nati na kuzitia koponi, huku mdogo wangu Kipanga akipanda kila kinachopandika. Jina hilo alipewa kwa kupenda kukaa juu. Wiki hii nilifagia peke yangu, maana Kipanga alianguka kutoka juu ya paa, akavunjika mkono na kulazwa siku tatu.

Jumamosi tulikwenda kumchukua. Alikuwa amefungwa plasta, mkono unaning'inia shingoni kwa kitambaa. Baba alikuwa na pesa kiasi kile kile alichotajiwa siku ya kwanza. Kwenye dirisha la malipo, karani alimsukumia karatasi. Baba akaisoma, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasoma tena.

"Hee! Glavu jozi ishirini na mbili?" akasema. "Mtoto kavunjika mkono mmoja, mama! Alihudumiwa na kijiji kizima?"

"Kila kitanda hupewa boksi lake la glavu, mzee," karani akajibu. "Zikipungua, mgonjwa wa kitanda hicho analipa."

"Mbona hamkuniambia? Huu ni wizi mchana kweupe!"

Mimi moyo ulinilipuka paa. Kipanga alipokuwa akilia kwa maumivu, nilichomoa glavu moja kwenye boksi la kitanda chake, nikaipuliza na kuichora macho, ikawa jogoo. Kipanga akacheka. Mtoto wa kitanda cha pili naye akataka wake. Kufikia siku ya pili wodi nzima ilijaa majogoo, nami nikajiona mtu wa maana kweli. Kumbe nilikuwa napuliza pesa za baba!

Karani akamwita nesi wa wodi, yule aliyekuwa akimtania Kipanga na kumwita "bwana mdogo". Akashuka ngazi mbiombio.

"Glavu zimekwenda wapi?" baba akamfokea. "Unaziuza?"

Nesi akajinyooshea kidole. "Mimi? Jamani, niuze glavu?" Machozi yakamlengalenga.

"Kama zimepotea mikononi mwake, zitakatwa kwenye mshahara wake," karani akasema, akachukua kalamu aandike.

Ningenyamaza tu, baba asingelipa hata moja. Lakini nilimwona nesi akijifuta macho kwa kiganja, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Ni mimi," nikasema. Hakuna aliyesikia. "Baba, ni mimi! Nilitengeneza majogoo."

"Majogoo?"

Kipanga akatia mkono wake mzima mfukoni, akatoa glavu yenye macho. "Huyu hapa, baba. Amesinyaa."

Baba akamtazama jogoo, akanitazama mimi, akamgeukia nesi. "Mwanangu, nisamehe. Nimekuvunjia heshima mbele za watu."

"Na mimi nina kosa, mzee," nesi akasema. "Niliona majogoo nikacheka, sikuuliza wametoka wapi. Tena nilipaswa kukueleza habari za boksi siku ya kwanza."

Karani naye akaipitia karatasi mstari kwa mstari. "Chakula cha siku tatu. Mlikula chetu?"

"Hapana," nikasema. "Mimi ndiye niliyebeba vyombo vya chakula kutoka nyumbani kila siku."

Karani akaguna, akakifuta chakula. Glavu zikabaki, na baba akalipa. Nikamwahidi kuziba pancha kila Jumamosi hadi mwisho wa muhula.

Nje ya lango baba akasimama. Nilidhani sasa nitakiona cha moto.

"Karatasi ile ilinishtua," akasema, "lakini nimejishtua mwenyewe zaidi. Nimemwita mtu mwizi, kumbe aliyechukua nimekuja naye! Sikiliza, mwanangu. Kitu kisicho chako, hata kikiwa wazi mbele yako, omba kwanza. Ukipewa karatasi ya malipo, isome yote, kisha uliza bila matusi. Hayo nakufundisha mimi. Kusema kweli wakati kunyamaza kungetufaa, hilo umenifundisha wewe."

Kipanga akamvuta baba shati.

"Baba, huyu jogoo nimrudishe?"

"Umrudishe wapi?" baba akasema, hatimaye akicheka. "Huyo ni wetu. Tumemlipia."