Hatua ya Okumu

Kila Jumatano kengele ya mwisho ikilia, Maurine hakuwa na haraka ya kurudi nyumbani Shauri Moyo. Alibaki na chama cha sayansi, na hata kabla ya kuketi, swali lilikuwa tayari linamwasha ulimini. Jamani, mtoto huyo kwa maswali!

Juma hilo chama kilikuwa na jambo zito. Jumamosi shule kadhaa za Eastlands zingeshindana kurusha roketi za chupa, zile zinazotiwa maji kisha hewa kwa pampu ya baiskeli. Kila shule ingerusha mara moja tu, na roketi ilipaswa kuangukia ndani ya duara la chokaa, mita hamsini mbele. Washindi wangepelekwa Malindi kuona kituo cha anga. Maurine aliitamani safari hiyo mpaka akakosa hamu ya kula.

Siku hiyo Mwalimu Teresiah aliwasimulia habari za Katherine Johnson, Mmarekani mweusi aliyependa hesabu tangu utotoni, akihesabu hata sahani alizoosha. Wakati huo watoto weusi walifungiwa milango ya shule nyingi, lakini yeye alikuja kukokotoa njia za vyombo vya angani. Mwaka wa 1962, mwanaanga mmoja alipokaribia kurushwa kuizunguka dunia, aliomba mama huyo arudie kwa mkono hesabu za kompyuta.

"Mbona arudie?" Maurine akaropoka. "Si kompyuta ilikuwa imemaliza?"

"Hebu lifikirie," Mwalimu akasema.

Basi akalifikiria. Walikuwa wameingiza vipimo vya majaribio yao kwenye simu ya Mwalimu, nayo ikawaambia wapige pampu mara ishirini ili roketi ifike mita hamsini. Maurine akachukua penseli, akakokotoa upya. Akapata ishirini vilevile.

"Si nilikuambia?" Okumu akacheka. Huyu ndiye aliyekuwa mrefu kuliko wote, na ndiye aliyepima umbali wakati wa majaribio. "Wacha kutusumbua bwana! Simu haikosei."

Bado Maurine hakutulia. Hesabu ilikuwa sawa, lakini namba walizoipa simu zilitoka wapi?

"Okumu, ulipima umbali kwa kutumia nini?"

"Kwa miguu. Hatua yangu ni mita moja. Kwani huioni hii miguu?"

Kesho yake Maurine alikuja na futi, utepe wa kupimia wa babake, fundi seremala. Okumu alipoiona, akanyoosha mguu kwa nguvu, nusura aanguke.

"Aka! Tembea kama siku ile," Maurine akamwambia.

Okumu akatembea. Hatua yake ikatoka sentimita sabini. Akanywea, maana mita hamsini zake zilikuwa thelathini na tano tu, na roketi ingeanguka njiani, mbali na duara.

Wenzao walinung'unika. Kazi yote irudiwe, na shindano ni keshokutwa? Maurine aliogopa kuchukiwa, lakini akashikilia msimamo. Jioni hiyo wakarusha upya, wakapima kwa futi, Okumu mwenyewe akishika upande mmoja. Pampu ikapanda hadi thelathini.

Jumamosi roketi yao ilifyatuka fyuu, ikiwanyeshea maji, ikaenda kuanguka ndani ya duara, karibu kabisa na mstari. Walipiga kelele mpaka sauti zikawakauka. Hakuna shule nyingine iliyolipata duara. Malindi walikuwa wanaenda!

"Sasa umejua kwa nini yule mama alirudia?" Mwalimu akamuuliza Maurine.

"Mashine hufuata kile ilichopewa, Mwalimu. Mtu lazima ahakikishe."

"Hongera. Na mjue hili, wanangu. Sisi tungekosea, tungekosa safari tu. Ndani ya roketi ile ya mwaka wa 1962 alikaa mtu, na nyumbani kulikuwa na mke na watoto wanaomngoja. Anayeuliza na kuhakikisha hasumbui watu. Anawajali."

Okumu akaiinua ile chupa tupu, akaitazama ndani.

"Na huyo mtu, Mwalimu," akauliza kwa sauti ya chini, "alirudi?"

"Alirudi," Mwalimu akasema. "Salama salimini."