Mahali pa Picha

Kona ya picha ilimchoma Mashimba ubavuni katikati ya soko la Ngara.

"Dada, unaniua kwa kanisa?"

"Kanisa hariui. Kinachoua ni kioo kirichopasuka. Wewe si fundi wa fremu?"

Melania alivaa kitenge cha kijani na viatu vyeupe, na jasho lilimeta puani. Picha ilikuwa ya Kanisa la Mtakatifu Petro la Roma, chapa ya zamani ya rangi iliyochapwa kwa jiwe. Mapadri walimpa babu yake.

Kubadilisha kioo ni kazi ya saa moja. Mashimba alikaa nayo wiki mbili, apate sababu ya kupiga simu.

"Kanisa rangu riko wapi, mpenzi?"

"Bado nasali humo. Na yule mwalimu anayekutaka, bado analeta soda kwenu?"

"Ana wivu huyu! Soda anakunywa baba. Tena baba anasema ukuta umejaa watakatifu, picha haina nafasi."

Hatimaye Melania aliichukua, akaenda nayo kwao Mabawe. Keshoye akapiga simu, nyuma yake vigelegele.

"Mashimba wangu! Baba amekubari mahari! Mama anacheka tu!"

Mtandao ukakatika. Mashimba hakungoja urudi. Alizima simu, akafunga vioo vyake, akarudi kwenye karakana ya kwao Biharamulo. Siku tatu alikata vioo vikaenda upande, akala nusu sahani, akatoka, akarudi. Mwalimu! Na soda zake!

Siku ya nne Melania alisimama mlangoni mwa karakana, kitenge kile kile, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Umezima simu kwa nini, mwanaume wewe?"

"Muulize aliyetoa mahali."

"Mahari gani? Baba na mama wamebishana siku nzima. Mwisho baba akakubari mahari, pare karibu na dirisha. Picha imetundikwa, mama akapiga vigeregere!"

"Mahali," alisema Mashimba polepole.

"Ndiyo. Mahari."

Kwa Wahangaza, watu wa kina Melania, r haichoki kufanya kazi, hata ile ya l. Mashimba ni Msukuma, kwao r ni mgeni. Aliketi juu ya boksi la misumari, akasimama tena.

"Melania, na mimi nataka kuleta mahali kwenu."

"Pa kutundika nini tena?"

"Si pa. Ya. Mahali ya ng'ombe."

Melania alimtazama, akacheka hadi akashika mlango. Kisha akachukua ile simu mezani, akaiwasha mwenyewe.

"Ikae wazi," alisema. "Baba akipiga, anza na shikamoo."