Kioo cha Mshonaji

Jua lilikuwa linazama Chapchap alipowasha pikipiki kwenda kuchukua kioo alichokwisha kukiuza. Alikwenda amenuna. Kwenye ukurasa wake wa mtandaoni alikuwa ameandika kwa herufi kubwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Wauzaji wengi huandika hivyo, na wote wanajidanganya. Sheria haijali ukubwa wa herufi zako. Umeuza kitu kibovu? Kitengeneze, kibadilishe, au kakichukue kwa gharama yako na mwenzako arudishiwe fedha zake. Binti wa ofisi ya kutetea wanunuzi alimweleza hayo kwa simu, huku anatafuna kitu.

"Lakini sikujua kama kina kasoro."

"Kutojua si hoja, kaka. Umeuza wewe."

Mnunuzi alikuwa mshonaji, mama wa makamo, aliyetaka kioo kirefu cha wateja kujitazamia wanapojaribu nguo. Malalamiko yake yalikuwa mstari mmoja tu: ndani ya kioo kuna mtu amejifunika shuka.

Chapchap aliposoma alicheka. Mtu huyo si alikuwa yeye mwenyewe? Kupiga picha ya kioo ni kero. Kila unaposimama unajipiga wewe, jiko lako na nepi zilizoanikwa. Kwa hiyo alijitanda lile shuka jeupe lililokuja na kioo, akaacha simu tu ichungulie. Alipomtumia mnunuzi mzigo kwa bodaboda akakifunga kwa shuka hilohilo.

"Mama, hiyo ni picha ya tangazo," alimwandikia. "Ni mimi."

Mshonaji akajibu:

"Siongelei picha."

Sasa mshonaji alifungua mlango upenyo mdogo, akamtazama kuanzia miguuni.

"Ndiye wewe Chapchap? Nilidhani mrefu zaidi."

"Kiko wapi, mama?"

"Ongea polepole."

Chumba kilinuka mafuta ya cherehani na pasi ya moto. Na chini ya hapo, harufu nyingine… kama nguo iliyokunjwa mbichi ikasahaulika. Kioo kiliegemea ukuta. Chapchap alikichungulia. Aliona uso wake na jasho lake. Basi. Hasira zikampanda.

"Mama, hiki kizima. Umeniharibia jioni bure."

"Mwanzo alikuwa kule nyuma, karibu na cherehani," mshonaji alinong'ona. "Kila nikikitazama, amesogea. Jana alikuwa begani kwa bibi harusi niliyekuwa nampima. Mtoto wa watu kakimbia na pini mwilini."

"Na leo hayupo. Kimepona."

"Hakijapona, mwanangu."

Alimvuta shati.

"Ametoka."

Akaonyesha kwa kidevu. Kwenye kona, kando ya sanamu la kuvalishia nguo, shuka jeupe lilikuwa limesimama. Halikutundikwa popote. Limesimama. Usawa wa mdomo, kitambaa kilikuwa kinaingia ndani… kinatoka. Kinaingia… kinatoka.

Chapchap alisikia miguu yake ikiwa mitupu, kana kwamba viatu vimemkimbia.

"Hilo shuka nawe ulilipata pamoja na kioo?" mshonaji aliuliza.

"Dalali alikitoa nyumba ya marehemu fulani, kimefunikwa nalo. Sikuuliza."

"Ungeuliza."

"Mama, nyumbani nina mtoto mchanga. Siwezi kupeleka hiki kitu kule. Kaa nacho, nitakulipa mara mbili."

"Wenye soko la mtandao wamesharudisha pesa yangu. Mali ni yako tena." Hakusema kwa ubaya. Machozi yalimtiririka bila sauti. "Na mimi nina wajukuu humu ndani. Chukua ulicholeta."

Alikibeba kioo, upande wa kujitazama umegeukia kifuani kwake. Shuka hakuligusa. Alipogeuka mlangoni kuaga, kona ilikuwa tupu, na mshonaji alikuwa ameketi sakafuni, anashukuru kimyakimya.

Alipokwisha kukifunga kioo na kupanda pikipiki, nyuma ikadidimia tena.

Kama mtu amepanda.

Hakugeuka. Penye jalala alisimama, akafungua kamba, akakiegemeza kioo kwenye takataka, akaondoka kwa kasi. Kioo kilibaki. Uzito haukubaki. Shingoni mwake kulikuwa na pumzi, ya baridi, inakuja… inaondoka…

Alizunguka mitaa mpaka mafuta yakaisha. Akaisukuma pikipiki hadi nyumbani, maana hakuwa na pengine pa kwenda, akakaa kwenye ngazi, mgongo kwenye mlango. Ndani mtoto alikuwa analia kwa ile sauti ya kukwaruza.

"Baba mtoto, ni wewe?" mkewe aliita. "Ingia umbebe mwanao, mikono imechoka."

"Usifungue."

"Umelewa?"

"Nakuomba, mke wangu. Weka na komeo. Nitalala hapa."

"Ulale nje kama mbuzi wa nani? Hebu nipishe."

Mkewe hakuwa mtu wa kuzungumza na mbao. Komeo lilikwaruza. Chapchap alitaka kuushikilia mlango, lakini mikono ilikaa mapajani kama ya mtu mwingine. Alitaka kupiga kelele. Mdomo ulifunguka, hakikutoka kitu.

Mwanga ulimwagika kwenye ngazi. Mkewe hakumtazama yeye. Alitazama juu ya kichwa chake.

"Wewe nawe," alisema, "umemwacha mgeni amesimama gizani."

Akasogea kando, kupisha.

Kitu laini kilimpita Chapchap shavuni. Kilikuwa kimelowa.

Ndani, mtoto akanyamaza.