Marehemu Aliyekuja Kufungua Kesi

Maiti ilifika kituo cha polisi cha Kasongo yenyewe, imeketi nyuma ya pikipiki, matope hadi magotini, ikitaka kufungua kesi.

"Mimi njo marehemu," ilisema.

Inspekta Wenceslas Bulaimu aliweka chini kikombe chake cha chai. Alikwisha kupeleleza wizi wa mbuzi, mauaji ya machimboni na moto wa makusudi, lakini hakuwahi kuandika maelezo ya mtu aliyekufa kutoka kinywani mwake mwenyewe. Mgeni alimsogezea simu. Kwenye Luama Leo, tovuti ya habari inayosomwa Kasongo na Kabambare, ilikuwapo picha yake, na juu ya picha maneno haya: "Hervé Muhindo, mfanyabiashara wa dhahabu Salamabila, hatunaye tena."

"Picha ni yako?"

"Ni yangu."

"Na uko mzima?"

"Shefu, si unaniona!"

Inspekta alimtazama tena, kwa usalama tu.

Hervé alieleza kwa hasira. Tangu jana wachimbaji wanapeleka dhahabu kwa wengine. Mkewe Yvette alizimia sokoni. Na kijijini kwao Wamaza, kwa habari alizopata, watu wamekaa kilio. "Kuna mutu ananiua ili atwae biashara yangu. Namutaka huyo mutu hapa, leo!"

Ofisi ya Luama Leo ni chumba kimoja nyuma ya duka la dawa. Waliwakuta Emilienne, mhariri mkuu, na Christophe, fundi wa tovuti. Wote wawili walimwona Hervé wakarudi nyuma hatua moja.

"Nani aliidhinisha kifo hiki?" Inspekta aliuliza.

"Si mimi," alisema Emilienne. "Tangazo la kifo silipitishi bila kupiga simu kwa familia. Sijawahi hata siku moja."

"Basi limepitaje?"

Christophe alieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo Inspekta alivyozidi kupotea. Waandishi wanaandika makala zao kwenye hifadhi ya mtandaoni. Emilienne akiridhika, anaiwekea makala alama ya kijani. Hapo plagini, yaani kiprogramu kinachounganisha hifadhi na tovuti, kinaibeba chenyewe. Bila kijani, hakuna kinachosogea.

"Na hii ina kijani?"

"Iko na kijani, shefu."

"Aliyeweka?"

"Mama Emilienne."

"Mimi sikuweka!" Emilienne alifoka.

Inspekta alikuna kichwa. Kulikuwa na muuaji bila mauaji, marehemu anayepumua, na kibali kilichojitoa chenyewe. Akashuka chini ya tangazo kusoma maoni ya wasomaji.

"Hongera! Mungu ni mukubwa!" aliandika mmoja. "Tuliingoja sana hii siku," aliandika mwingine. "Sasa tule, tunywe!"

"Bwana Hervé," Inspekta alisema polepole, "wewe ulikuwa unaishije na watu?"

Hervé alisoma, akigusa majina kwa kidole. "Huyu ni mujomba wangu! Na huyu ni pasta!"

Inspekta alianza kuyaandika majina ya washukiwa, kisha akaacha. Angelazimika kukamata nusu ya Kabambare, na kituo chake kina chumba kimoja tu cha mahabusu. Aliona afadhali kuwauliza wafiwa wenyewe. Alimpigia mzee mmoja wa Wamaza anayemfahamu, akawasha spika ili wote wasikie. Nyuma ya sauti ya mzee zilisikika sauti za wanawake wakilia, wengi.

"Tuko kwenye kilio, shefu," mzee alisema. "Kama munamutafuta Hervé—"

Hervé aliipokonya simu. "Nyamazeni wote! Hakuna mutu alikufa! Munalilia upuuzi!"

Vilio vikakoma upande wa pili. Kisha simu ikakatika.

"Rezo ya simu kule ni mubaya, mutandao unakatika," Christophe alinong'ona, ili kuwe na mtu aliyesema kitu.

Inspekta alirudi kwenye picha. Kulikuwa na kitu kinachomkera pembeni. Bega. Bega la mtu mwingine aliyekatwa nje ya picha, limevaa lesi nyeupe.

"Watu hawa walitoa hongera lini?"

Christophe alitazama. "Mwezi wa tano."

"Na amekufa jana?"

"Jana njo tangazo lilitoka."

"Mwezi wa tano ulifanya nini, Bwana Hervé?"

"Nilioa."

Inspekta alipiga meza. Hakuna aliyefurahia kifo. Walifurahia harusi! "Christophe, makala iliyokwisha kupata kijani, mwandishi wake akiibadilisha baadaye?"

Fundi alifumba macho. "Plagini itabeba mabadiliko. Haiulizi tena. Kwake, makala ni ileile iliyokubaliwa."

"Anaweza kufuta harusi nzima na kuandika kifo?"

"Akitaka. Ila makala yake mwenyewe tu. Ya mwingine haifunguki."

"Nani aliandika harusi?"

Emilienne alisita. "Cadette, mwandishi wetu wa Kabambare. Yuko uani tangu asubuhi. Nilimpa kiti, hajasema neno."

Hervé alishtuka. "Cadette gani?"

Mlango wa uani ulifunguliwa. Aliyeingia alikuwa msichana mwembamba, kichwa kimenyolewa upara, kitenge kimefungwa kifuani. Hervé alimtambua mdogo wake, akainua mkono kumpiga. Inspekta aliudaka.

"Umebadilisha makala?"

"Ndiyo."

"Ulijua kaka yako yuko hai?"

"Nilijua."

"Kwa nini basi?"

Cadette hakumtazama Inspekta. Alimtazama kaka yake.

"Tulipiga simu mama alipolala kitandani, ukasema tunatafuta pesa. Tukapiga tena, ukafunga namba zetu zote. Nikatuma mutu wa pikipiki, ukamufukuza. Nikiandika mama amekufa, utasema ni uongo. Lakini kwetu mutu aliyeliliwa akiwa hai hakanushi kwa simu. Lazima akuje, wazee wamushike mikono. Nilitaka ukuje, yaya, kaka yangu. Na nilijua utaanzia kwa polisi."

"Mama amekufa?" Hervé aliuliza. Sauti ilikuwa ya mtoto.

"Kile kilio ulichotukana ni chake. Hawajamuzika. Wanangoja mutoto wa kwanza atupe udongo, na hawawezi kungoja tena."

Inspekta aliuachia mkono alioudaka. Aliona aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyepiga kelele kwenye ile simu. Kosa lilikuwapo, na sheria yake ipo, lakini kalamu ilimshinda kuinua. "Bwana, unaendelea na kesi?"

Hervé hakumsikia. "Alinichukia?"

"Yeye njo aliniambia niandike harusi yako," Cadette alisema, na machozi yakamtoka. "Watu wajue mutoto wake ameoa. Hakujua umefunga namba yake. Kila siku alipiga, haikuita. Mpaka mwisho alikuwa anatuambia tusikukasirikie, kule Salamabila hakuna rezo."